Kufunga sabufa kwenye Corolla ya zamani: anza na umeme, sabufa ije mwisho

Gari la miaka ya 1990, tuseme Corolla 110 au Carina Ti, halikuundwa kubeba amplifaya kwenye buti. Ndiyo maana mtu anafunga sabufa iliyoandikwa wati 1200, halafu anapata besi inayokoroma na taa zinazofifia kila ngoma inapogonga. Hizo wati 1200 ni za kwenye kasha. Namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayohimiliwa muda wote, na wati 300 za RMS zilizofungwa vizuri zinatosha kutikisa kioo cha nyuma cha saluni.

Vifaa vingi vinavyofika Tabora vinaagizwa Kariakoo, na kurudisha kilichokosewa ni nauli nyingine. Pima kwanza, lipa baadaye.

Mahitaji:
- Sabufa ya inchi 12, RMS wati 300, koili mbili za omu 4 kila moja
- Amplifaya ya chaneli moja, daraja D, inayotoa wati 300 RMS kwenye omu 2
- Waya wa shaba wa mm 16 (ni mm za mraba, kama waya zote hapa): mita 6 mwekundu, mita 2 mweusi
- Fyuzi ya ampea 40 na kishikio chake
- Waya wa RCA (unaotoa sauti kwenye redio kwenda amplifaya) mita 5, waya mwembamba wa rimoti (unaowasha amplifaya redio ikiwaka) mita 5, waya wa spika wa mm 2.5 mita 1
- MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 18, nusu bodi
- Gundi ya mbao, silikoni, skrubu za mm 50

Kwenye waya kuna ujanja mwingi madukani. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitokea mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene huohuo. Na usishawishike kutumia waya wa nyumba wa 2.5. Amplifaya hii ikibanwa inavuta karibu ampea 27. Kwa mita 5 za waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 1 njiani, na waya wenyewe unapata moto. Kwa mm 16 hasara haifiki hata volti 0.2.

Hatua ya 1: Pima gari kabla ya kuagiza chochote

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ikipimwa kwa mita ya umeme isome volti 12.5 au 12.6. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa kubwa na feni ya ndani, kanyaga mafuta kidogo. Ikishuka chini ya 13.3, shughulikia altaneta kwanza. Mara nyingi ni kaboni zimeisha au mkanda umelegea.

Kipimo cha pili ndicho wengi wanakiruka. Taa zikiwa bado zinawaka na injini inanguruma, gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha kwenye bati la bodi. Isome chini ya volti 0.1. Ikisoma 0.3 au zaidi, ule waya wa hasi umechoka. Ukiuchana utakuta ukungu wa kijani ndani ya mpira, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Badilisha wa betri kwenda bodi na wa injini kwenda bodi, vyote kwa kipande cha mm 16. Magari mengi ya zamani yanapona hapa hapa, hadi taa zinaongezeka mwanga.

Hatua ya 2: Waya mkuu

Fungua hasi ya betri kabla ya kugusa kitu. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka nguzo ya chanya. Fyuzi hii inalinda waya, si amplifaya: waya ukisuguliwa na bati mpaka uchubuke, betri inamwaga mamia ya ampea, na bila fyuzi karibu gari linaungua. Acha fyuzi yenyewe nje ya kishikio mpaka kazi yote iishe.

Pitisha waya kwenye tundu lenye raba kwenye bati linalotenga injini na ndani ya gari. Usitoboe tundu jipya bila kutia raba. Mbali na usukani na pedali, shuka chini ya plastiki ya mlangoni mpaka kwenye buti. Waya wa RCA upite upande wa pili wa gari. Ukizifunga pamoja, utasikia mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata injini.

Hasi ya amplifaya isizidi sentimita 50. Chagua bati nene la bodi kwenye buti, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti ya M8 na washa ya meno, halafu paka grisi juu kuzuia kutu. Bolti za mikanda ya usalama ziache.

Hatua ya 3: Redio

Waya wa rimoti unaunganishwa na ule wa bluu wenye mstari mweupe nyuma ya redio. Ule wa bluu mtupu ni wa antena. Kwenye redio nyingi unakata ukihamia flashi, na sabufa inanyamaza. Kama redio ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani na haina matundu ya RCA, tafuta amplifaya inayopokea sauti kutoka waya za spika.

Hatua ya 4: Boksi

Seremala atakupendekezea mninga, na ni kweli ni mbao nzuri. Kwa kitanda. Ubao wa kuunganisha unanywea kiangazi, viungo vinaachia, na boksi linalovuja hewa linaua besi. Tumia MDF.

Boksi la kufungwa kabisa, lita 31 hivi kwa ndani (sentimita 45 × 35 × 20), linakata hivi:
- Mbele na nyuma: vipande 2 vya 48.6 × 38.6
- Juu na chini: vipande 2 vya 48.6 × 20
- Ubavu: vipande 2 vya 35 × 20

Robo bodi haitoshi, inakukosesha ubavu mmoja. Ndiyo sababu ya nusu bodi. Tundu la sabufa lipimwe kwenye sabufa yenyewe, kwa kawaida karibu sentimita 28, na hakikisha kina cha sabufa hakizidi sentimita 17. Tia gundi mpaka ifurike, skrubu kila sentimita 12, na toboa njia kwanza maana MDF inapasuka ikilazimishwa pembeni. Pembe zote za ndani piga silikoni na uache saa 24 kabla ya kufunga sabufa. Mvuke wa silikoni mbichi unaweza kuharibu gundi ya koni.

Kujaribu: sukuma koni taratibu kwa viganja. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi mara moja, tafuta pengo.

Hatua ya 5: Koili

Chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja: omu 2. Ukiziunga kwa mfuatano unapata omu 8 na nguvu inapungua sana. Pima kwa mita. Usomaji wa 1.6 hadi 2 ni sawa.

Hatua ya 6: Kurekebisha

Rudisha fyuzi na hasi ya betri. Weka kichujio cha besi kwenye hezi 80, zima nyongeza ya besi, na redio iwe bila nyongeza yoyote ya sauti. Chomoa sabufa. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50, sauti ya redio robo tatu, injini ikiwaka. Mita iwe kwenye AC, kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Panda na kitufe cha geini (kinacholinganisha amplifaya na sauti inayotoka kwenye redio) mpaka isome volti 24.5, usipite. Hesabu yake: wati 300 mara omu 2 ni 600, na kipeuo chake cha pili ni 24.5. Geini si sauti; ukiipitisha, wimbi linakatika kichwani na koili inaungua.

Rudisha sabufa, kaa kwenye kiti cha dereva, badilisha chanya na hasi za sabufa, uache upande ambao besi inajaa zaidi.

Ikikataa

Taa ya ulinzi inawaka papo hapo: pima omu za koili, kisha angalia waya wa spika unaogusa bati. Inazima baada ya nusu saa: ni joto. Buti lililofungwa kwenye jua la Septemba na Oktoba ni tanuri, hivyo amplifaya isikae chini ya zulia wala kwenye mgongo wa boksi; ifunge kwenye ubao nyuma ya kiti. Buti linalopiga kelele mara nyingi ni namba ya gari tu, ibandikie sponji. Na vumbi la barabara za vijijini likijaza mapezi ya amplifaya, tumia brashi kavu. Kompresa ya gereji itumike tu baada ya kumwaga maji ya tangi lake, la sivyo unapulizia maji ndani ya umeme.