Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Mwigizaji wa Tamthilia ya Muziki

Mashabiki wa tamthilia za muziki, wawe wa New York, London au Nairobi, hubishana sana kuhusu waigizaji, na mabishano mengi huishia palepale yalipoanzia. Huyu anasema fulani ndiye malkia wa jukwaa, yule anasema fulani hana sauti, na hakuna aliyetaja wimbo, mstari wala tukio. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tuna kipimo kizuri zaidi, ila hatukitumii tunapozungumzia majukwaa ya ng'ambo. Shabiki wa taarabu hangoji onyesho liishe ndipo aseme mwimbaji ni hodari. Huinuka wimbo ukiwa katikati, kwenye ubeti uliomgusa, akaenda kumtuza, na kila aliyemo ukumbini akajua ni neno gani lililomwinua kitini. Maoni kuhusu mwigizaji yanapaswa kuwa na mahali pake namna hiyo hiyo. Nitaeleza hapa jinsi ya kuyafikia na jinsi ya kuyasema, ili mwenzako aweze kwenda kusikiliza palepale uliposikiliza wewe, kisha akubali au akatae akiwa na sababu.

Anza kwa kuchagua nafasi moja iliyoigizwa na watu wengi, kwa kuwa sikio hujifunza haraka zaidi linapopewa kitu kimoja kwa sauti tofauti. Mimi humshauri kila anayeniuliza aanze na Rose, mama wa tamthilia iitwayo Gypsy, iliyofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia jijini New York, tarehe 21 Mei 1959. Muziki wake ulitungwa na Jule Styne, maneno ya nyimbo yakaandikwa na Stephen Sondheim, mazungumzo yakaandikwa na Arthur Laurents, na Jerome Robbins akawa mwongozaji na mtunzi wa dansi. Rose ni mama anayezunguka na binti zake wawili kutoka jukwaa hadi jukwaa, akiwatafutia umaarufu ambao kwa kweli anautamani mwenyewe. Mwishowe binti aliyekuwa amepuuzwa, Louise, ndiye anayepata jina kubwa, tena kwa kazi ya kuvua nguo jukwaani. Nafasi hii ilianzishwa na Ethel Merman. Angela Lansbury akaichukua London mwaka 1973 na New York mwaka 1974, Tyne Daly mwaka 1989, Bernadette Peters mwaka 2003, Patti LuPone mwaka 2008, Imelda Staunton huko Chichester, Uingereza, mwaka 2014 na London mwaka 2015, na Audra McDonald kuanzia mwishoni mwa 2024 hadi Agosti 2025. Ukiweza kuwatenganisha wanawake hawa saba kwa maneno yako mwenyewe, bila kuazima ya mtu, umeshaijua kazi.

Kabla ya kuhukumu, jiulize ulichokisikia ni nini hasa. Wengi wetu huku hatujakaa katika kumbi hizo. Tumesikiliza rekodi, na hilo si aibu, lakini ni lazima lisemwe. Rekodi ya waigizaji wa kwanza hufanywa studio, si jukwaani. Mwimbaji anasimama mbele ya kipaza sauti akiwa hana mwenzake wa kumtazama, hana hadhira ya kumjibu, na hajachoshwa na saa mbili za kuigiza. Santuri za miaka ya 1950 zilibeba takribani dakika 50 tu kwa pande zote mbili, kwa hiyo mazungumzo na baadhi ya vipande vya muziki viliachwa. Anayesema kwamba Merman hakuwa mwigizaji, hali amemsikia kwenye santuri peke yake, anamhukumu kwa ushahidi ambao haukubeba uigizaji wake. Onyesho lililopigwa picha ukumbini ni shahidi bora zaidi, ingawa nalo lina kasoro yake: kamera ndiyo iliyoamua utazame nani. Onyesho la Staunton lilipigwa picha katika ukumbi wa Savoy, London, na BBC ikalionyesha Desemba 2015. Mtu aliye mbali na kumbi hizo hawezi kupata mlango mzuri kuliko huo.

Video zilizonaswa kwa siri na watazamaji, mimi ningekusihi usizijengee maoni yako. Sauti yake huwa ya kiti kimoja tu cha ukumbi, picha hutikisika, na aliyerekodi alikuwa anavunja makubaliano kati ya jukwaa na hadhira. Januari 2009, LuPone alisimamisha wimbo wa mwisho wa Rose, ule ulio mgumu kuliko zote, akamkemea hadharani mtazamaji aliyekuwa anapiga picha, akataka atolewe nje, kisha akaurudia. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Mimi namtetea: mwigizaji aliye peke yake jukwaani katika wimbo ule hana pa kujificha, na mwanga wa kamera humpokonya hadhira yake.

Hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayotaka uikazie, ni kutenganisha kazi ya mtunzi, kazi ya mwongozaji na kazi ya mwigizaji. Mashabiki wengi humpa mwigizaji sifa au lawama ya jambo ambalo liliamuliwa na mtu mwingine. Uchukue wimbo huo wa mwisho, uitwao Rose's Turn. Rose amebaki peke yake katika ukumbi mtupu. Binti yake amefanikiwa na hamhitaji tena. Ndipo anaanza kuimba kama kwamba jina lake ndilo lililoandikwa kwa taa. Watunzi hawakutaka mwanzoni kuupa mwisho wa kishindo, kwa sababu mwanamke anayevunjika moyo hatazamiwi kumaliza kwa kupigiwa makofi. Oscar Hammerstein II, aliyekuwa mwalimu wa Sondheim, alipoliona onyesho la majaribio huko Philadelphia aliwashauri waumalizie wimbo kikamilifu na kuwaachia watu wapige makofi, kwa kuwa hadhira iliyonyimwa makofi haitulii kusikiliza tukio linalofuata. Wakamsikiliza. Kwa hiyo kishindo unachokisikia mwishoni mwa rekodi ya Merman ni uamuzi wa watunzi, na haukutokana na Merman kutaka sifa, kama ninavyosikia watu wakisema.

Sasa tazama kilichotokea Lansbury alipoichukua nafasi hiyo, Laurents mwenyewe akiwa mwongozaji. Wimbo uliisha kwa kishindo kilekile, hadhira ikapiga makofi, na Lansbury akainama kushukuru kama mwigizaji yeyote. Makofi yakapungua, yakaisha. Yeye akaendelea kuinama. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kabisa na bado alikuwa anatabasamu, anashukuru upande huu na upande ule, mpaka watu wakatambua kwamba tangu mwanzo aliyekuwa akiinama ni Rose, na makofi aliyokuwa akiyapokea yalikuwa kichwani mwake. Wazo hilo ni la mwongozaji. Lakini kuinama mara ya tatu na ya nne ndani ya kimya, bila kumkonyeza mtu wala kuomba huruma, ni kazi ya mwigizaji. Ukisema tu kwamba Lansbury alikuwa mzuri, hujasema lolote. Ukisema aliweza kuustahimili ule ukimya, umemtuza mahali anapostahili.

Nakiri kwamba niliposikiliza rekodi yake ya London kwa mara ya kwanza niliandika katika daftari kwamba sauti yake ni nyembamba kwa nafasi hii. Nilikuwa nimetoka kumsikiliza Merman siku hiyohiyo, na hilo lilikuwa kosa la utaratibu. Usisikilize waigizaji wawili mfululizo ukampa wa pili mizani ya wa kwanza. Acha upite usiku mmoja kati yao.

Ukishatenganisha hayo, tafuta mahali padogo pa kupimia. Katikati ya wimbo huohuo Rose anakwama kwenye neno "Mama". Anaanza kulitamka, linamgomea, analirudia, halafu anajikusanya na kuendelea. Ni sekunde chache tu, na zinatosha. Niliwahi kumchezea shangazi yangu wa Tanga sehemu hiyo, kwanza ya Merman na siku ya pili ya Staunton. Shangazi ni mtu wa taarabu, hajui Kiingereza cha kutosha kufuata maneno, na hakuwa amesikia habari za tamthilia hiyo. Kwa Merman alisema, "Huyu anaita watu sokoni, na watakuja." Kwa Staunton alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hapo alipokwama, amesahau au amekumbuka?" Sijasoma maelezo yaliyonigusa kuliko swali hilo. Merman analibeba lile neno ndani ya mdundo, kila kigugumizi kikianguka juu ya pigo la ngoma, nasi tunamsikia mwanamke ambaye hata akivunjika havunji mwendo wa muziki. Staunton analiacha limkabe. Yote mawili ni majibu halali kwa swali lililoandikwa na Styne na Sondheim, na unaweza kulipenda moja bila kulidharau jingine.

Kuhusu sauti yenyewe, jifunze maneno machache ya kukusaidia. Sauti ya kifua ni ile nzito ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sauti ya kichwa ni ile nyepesi, ya juu, inayotumiwa sana na waimbaji wa kwaya na wa opera. Nafasi ya Rose iliandikwa kwa kifua cha Merman, aliyejulikana kwa sauti iliyofika viti vya nyuma bila msaada wa kipaza sauti. McDonald, aliyesomea uimbaji wa kiklasiki katika chuo cha Juilliard na ambaye ana Tuzo za Tony 6, zile tuzo kuu za Broadway, alipoichukua katika ukumbi wa Majestic chini ya mwongozaji George C. Wolfe, mashabiki waligawanyika vibaya kuhusu mahali alipokuwa anatoka kifuani na kuhamia kichwani. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika, mradi wataje nota. Lakini swali la kwanza halikuwa kama anafanana na Merman. Lilikuwa hili: anapohamia sauti ya juu, Rose anakuwa nani? Mimi nilisikia mwanamke ambaye angeweza kuwa mwimbaji mkubwa kweli laiti milango ingefunguliwa, na kwa kuwa huyu ndiye Rose wa kwanza Mweusi katika Broadway, milango hiyo iliyofungwa ilipata maana ambayo sikuwa nimeifikiria. Anayesikia uchovu mahali niliposisimka mimi anieleze ni mstari gani, nami nitarudi kuusikiliza.

Ukibahatika kukaa ukumbini, tazama kijitabu unachopewa mlangoni. Kama ndani yake kuna karatasi ndogo iliyochomekwa, huenda inakuambia kwamba mwigizaji uliyemfuata hayupo leo na nafasi yake inachukuliwa na mwigizaji wa akiba. Usirudi nyumbani kwa hasira. Waigizaji wa Broadway kwa kawaida hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki, na koo ni nyama na damu; Peters aliugua wakati wa maonyesho ya awali ya mwaka 2003 na akasemwa sana, ingawa alipopona aliwapa watu Rose mwenye mwili mdogo na hila za upole, tofauti kabisa na aliyezoeleka. Taja tarehe uliyotazama na aliyeigiza siku hiyo. Maoni ya usiku mmoja yanabaki kuwa ya usiku mmoja, na yana thamani kubwa yakisemwa hivyo.

Usijifiche nyuma ya tuzo. Merman, ambaye nafasi hii ilitungwa kwa ajili yake, hakupata Tony; mwaka 1960 ilimwendea Mary Martin, mwigizaji wa tamthilia nyingine. Lansbury, Daly na LuPone waliipata kwa Rose, Peters na McDonald hawakuipata. Orodha hiyo inaeleza kura zilivyokwenda, na haiwezi kukuambia nani alikwama vizuri zaidi kwenye neno "Mama".

Unapokaa kuandika, anza na sentensi inayosema ulichosikiliza, cha mwaka gani na kwa njia gani. Kisha taja mahali: wimbo, mstari, kitendo. Eleza kilichotokea hapo kwa maneno ambayo hata asiyekubaliana nawe angeyakiri, halafu ndipo useme kilikufanyia nini. Hukumu ije mwisho, iwe fupi. Maneno kama "bora kuliko wote" yaache, kwa sababu humfunga mdomo mwenzako badala ya kumfungua. Na unapompinga mtu, mjibu mahali alipopataja. Ukihamia wimbo mwingine umemkimbia. Mwili wa mwigizaji, umri wake na ndoa yake havimo katika mjadala, isipokuwa pale vinapoonekana katika uigizaji wenyewe, na hata hapo zungumza kama vile yeye mwenyewe amekaa kiti cha pembeni.

Weka daftari, na usifute. Langu bado lina ule mstari wa Lansbury na sauti nyembamba. Chini yake, kwa wino mwingine, nimeandika kwamba wembamba ule unasikika zaidi anapolitaja jina lake mwenyewe, kama mtu asiye na hakika kwamba ataitikiwa, na pembeni nimeweka dakika na sekunde.