Taja namba ya kweli: kuishi na maumivu ya selimundu Uingereza

Sisi tulilelewa kujikaza. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi tunauita sikoseli, hujifunza mapema kung'ata khanga na kunyamaza ili mama apate usingizi. Huku Uingereza kujikaza kunatuponza. Ukifika idara ya dharura, nesi anakuuliza: maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Mara yangu ya kwanza nilijibu "nne", kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa tano, mguu wa kulia kama unatobolewa kwa keekee kuanzia goti hadi kifundo. Ilikuwa tisa, na nilipaswa kusema tisa.

Kwa hiyo taja namba ya kweli, tena uongeze maumivu yanakuzuia nini: siwezi kukanyaga, sijalala tangu juzi. Kisha sema wazi kwamba una sikoseli na uko kwenye kraisisi, yaani shambulio la maumivu makali ya ugonjwa huu. Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu huku, unataka kraisisi ichukuliwe kama dharura: upewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu ufike, na upimwe tena kila nusu saa hadi yatulie. Kuukumbusha mwongozo huo kwa adabu si ujeuri.

Ila usiku wa kraisisi hata Kiingereza kinakukimbia. Ndiyo maana, ukiwa mzima, umwombe daktari wa damu kwenye kliniki yako akuandikie mpango wa maumivu: dawa zipi zinakufaa, kipimo gani, zipi zinakudhuru. Weka nakala kwenye pochi, picha kwenye simu, na nakala nyingine umwachie unayeishi naye. Hiyo karatasi ndiyo itakayokusemea.

Maumivu yakianza kwa mbali, kunywa maji, jifunike, weka chupa ya maji ya moto mahali panapouma. Usiweke barafu kamwe, hata kama rafiki wa mpirani amekushauri; baridi hubana mishipa. Angalia dawa za dukani pia. Kokodamoli, kidonge cha maumivu chenye kodeini, tayari ina parasetamoli ndani yake, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24. Ibuprofeni uliza kwanza, kwa sababu selimundu hugusa figo.

Usisubiri nyumbani ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au uume ukisimama kwa maumivu zaidi ya saa mbili (ndugu zangu wanaume, hili msilifiche). Kifua kikiuma huku pumzi inakata, mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu, piga 999, namba ya dharura.

Kuna na yale maumivu ya kila siku, yasiyo kraisisi. Mara nyingi ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu, kinakufa polepole. Hapo kuongeza vidonge vikali mwezi baada ya mwezi hakusaidii sana, na mwili huvizoea. Mwombe GP, daktari wako wa kawaida wa mtaani, akupeleke kupigwa picha ya nyonga, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwenye kliniki ya maumivu. Uliza pia kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea. Hupunguza kraisisi kwa wengi, ila unapimwa damu mara kwa mara, na ukipanga kupata mtoto, uwe mwanamke au mwanamume, mwambie daktari kabla.

Gharama: Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za daktari ni bure. England selimundu haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo, hivyo kama unachukua dawa nyingi nunua cheti cha malipo ya kabla (prepayment certificate), ulipe mara moja badala ya kulipia kila dawa.

Na ukienda nyumbani likizo, meza dawa ya kuzuia malaria. Husemwa selimundu hukinga malaria, lakini anayelindwa kwa kiasi ni yule aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja. Mwenye ugonjwa wenyewe malaria inaweza kumuua. Beba dawa zako kwenye begi la mkononi, zikiwa kwenye maboksi yake, pamoja na barua ya daktari. Kama unapitia Dubai na utatoka nje ya uwanja wa ndege hata kwa siku moja, dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli huko zinadhibitiwa vikali: omba kibali mtandaoni kabla hujakata tiketi.