Namna ya Kuandaa Somo la Mtandaoni la Kutengeneza Simu Isiyoingiza Chaji

Mtu anayetaka kuandaa somo la video la kutengeneza simu huanza, mara nyingi, kwa kujiuliza atatumia kamera gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linapaswa kutanguliwa na jingine: mtazamaji aliye peke yake Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, asiye na fundi wa kumwelekeza, atakosea wapi? Fundi aliyezoea kazi hupita haraka mahali pagumu kwa sababu vidole vyake vimekwisha kupajua, kisha hutumia muda mrefu kueleza yale anayojivunia kuyaweza. Somo linalomsaidia mtu hupangwa kinyume cha hivyo, yaani muda mwingi hutolewa pale ambapo mkono wa mgeni utasita au utavunja kitu.

Chagua tatizo moja na aina moja ya simu. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi ninapendekeza kuanza na simu isiyoingiza chaji, kwa sababu mazingira yetu yenyewe huizalisha kila siku. Hewa ya bahari ya Mikindani na Kilwa Masoko hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo ukikaa kwenye vijipini vya tundu la chaji huvila taratibu na kuacha ukungu wa kijani. Huku bara, Masasi na Nachingwea, vumbi pamoja na nyuzi za mfukoni hushindiliwa ndani ya tundu kila mara waya unapochomekwa, mpaka kichwa cha waya kinashindwa kufika mwisho. Mkulima anayesubiri ujumbe wa malipo ya korosho hawezi kukaa siku nyingi bila simu, na huyo ndiye atakayelitafuta somo lako usiku akiwa na bando dogo na bisibisi ya kuazima.

Kwa kuwa dalili ni moja na vyanzo ni vingi, sehemu ya kwanza ya somo inapaswa kuwa uchunguzi, kabla ya bisibisi kuonekana kwenye picha. Onyesha mtu akijaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaji ambavyo vimethibitishwa kufanya kazi kwenye simu nyingine. Kisha onyesha tundu likimulikwa kwa tochi, kamera ikiwa karibu kiasi cha kuonekana tofauti kati ya tundu lililojaa uchafu, tundu lenye kutu ya kijani, na tundu ambalo ulimi wake wa katikati umevunjika. Uchafu huondolewa simu ikiwa imezimwa, kwa kijiti chembamba cha mbao au cha plastiki, wala si kwa sindano au pini, kwa sababu chuma hukunja vijipini na kinaweza kuviunganisha visivyopaswa kugusana. Tundu la Type-C linaweza kuwa na vijipini hadi 24 katika nafasi ndogo mno, ilhali lile la zamani la micro-USB lina 5 tu, hivyo mkono uliozoea simu za zamani unapaswa kuonywa waziwazi.

Ikiwa unacho kile kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya chaji na waya, kitumie katika somo, kwa kuwa humwonyesha mtazamaji jambo ambalo macho hayalioni. Kikionyesha volti 5 lakini mkondo ukabaki sifuri, chaji inatoa umeme ila simu haiupokei. Mkondo ukiwepo na asilimia zisipopanda, betri ichunguzwe kabla ya tundu kulaumiwa. Betri ya kawaida ya simu janja huwa na takribani volti 3.7 hadi 3.85 katika hali ya wastani, na nyingi hufikia 4.2 au zaidi kidogo zikijaa. Taja takwimu hizo huku mita ikionekana, kwa sababu namba iliyosemwa bila kuonyeshwa husahaulika kabla video haijaisha.

Katika uchunguzi huohuo weka mipaka ya kusimama, na uitamke kwa sauti ileile unayotumia kueleza kazi. Betri iliyovimba na kusukuma kava isiguswe na anayejifunza. Simu iliyoingia maji ya bahari isiwekwe kwenye chaji hata kidogo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na umeme huo ndio unaoharakisha kutu kwenye bodi, yaani ubao wa saketi ulio ndani ya simu. Wengi bado huifukia simu ndani ya mchele. Mchele hauondoi chumvi iliyobaki juu ya bodi, na mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake waziwazi wasifanye hivyo kwa kuwa chembe ndogo za mchele zinaweza kuiharibu simu. Mvuvi wa Msimbati akielewa hayo na akaizima simu yake mapema, bila kujaribu kuiwasha kila baada ya saa moja, fundi atakayeipokea anaweza kuitoa betri na kuisafisha bodi ikiwa bado inaokoleka.

Baada ya hapo ndipo unapofungua simu. Katika simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung Galaxy za daraja la A, tundu la chaji limekaa kwenye bodi ndogo ya chini, ambayo huunganishwa na bodi kuu kwa fleksi, yaani utepe mwembamba unaopinda wa kupitisha umeme, na mtu anaweza kuibadilisha bila kulehemu. Simu nyingine zina tundu lililolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Sema mapema somo lako linahusu aina ipi, na uandike namba kamili ya modeli kama inavyosomeka kwenye mipangilio ya simu, maana jina la biashara peke yake hubeba modeli nyingi zisizofanana ndani, na mtu akinunua bodi isiyo ya simu yake amepoteza fedha kwa sababu ya maneno yako.

Kamera iwekwe juu ya bega la anayefanya kazi ili mtazamaji aone kama ambavyo angeona akiwa ameishika simu yeye mwenyewe, kulia kukiwa kulia na kushoto kukiwa kushoto. Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha kabisa ukiwekewa karatasi nyeupe upande wa pili ili kuondoa kivuli cha mkono. Upepo wa bahari na pikipiki za barabarani huharibu sauti, kwa hiyo ni afadhali kurekodi maelezo baadaye, chumba kikiwa kimefungwa, kwa kutumia kipaza sauti cha hedifoni za kawaida. Faida yake nyingine ni kwamba maneno hupangwa kwa utulivu, na mikono haisimamishwi na ulimi.

Skrubu zinahitaji uangalifu wa peke yake. Ziweke juu ya karatasi iliyochorwa umbo la simu, kila moja mahali ilipotoka, na uiache karatasi hiyo ionekane pembeni ya picha muda wote wa kazi. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kutoboa tabaka za bodi na kuiua simu iliyokuwa na tatizo dogo tu. Kiunganishi cha betri kichomolewe kabla ya kingine chochote, kwa ncha ya plastiki, simu ikiwa imezimwa na betri ikiwa chini ya asilimia 25, kwa kuwa betri yenye chaji kidogo haina nguvu kubwa ya kuwaka ikitobolewa kwa bahati mbaya. Hapa usiharakishe video. Sehemu ya kulainisha gundi ya kava kwa hita unaweza kuikata ikapita upesi, lakini kuchomoa kiunganishi kuonyeshwe kwa mwendo wake halisi, kisha mkono uondolewe kabisa na picha isimame ili mtu aone kilichobadilika.

Kijana anayejifunza kazi kwangu, alipokuwa akifuata somo moja la mtandaoni lililotengenezwa na mtu mwingine, alifika kwenye fleksi akaniuliza, "Nivute au ninyanyue?" Aliyerekodi alikuwa amesema tu, "Toa fleksi," na kidole chake kilikuwa kimefunika mahali penyewe. Jibu linategemea kiunganishi. Kile cha kubonyeza hunyanyuliwa wima kwa ncha ya plastiki, na kile chenye kifungo chembamba hufunguliwa kifungo kwanza, halafu fleksi ikavutwa kwa ulalo bila nguvu. Kitenzi kimoja kisichoeleza uelekeo wala kiasi cha nguvu kinatosha kukata fleksi. Kwa hiyo unapoandika maelezo yako, pitia kila kitenzi cha mkono, kama toa, fungua, weka au bana, na uhakikishe msikilizaji anajua aelekeze wapi, kwa nguvu gani, na atasikia au kuona nini kazi ikikamilika.

Bodi mpya ikishawekwa, masomo mengi hukatika palepale asilimia zinapoonekana kupanda, na hilo huwaumiza watu. Bodi hiyo ndogo ya chini mara nyingi ndiyo inayobeba pia maikrofoni ya kupigia, na waya mwembamba wa antena huishia hapohapo. Mtu anaweza kufunga simu akifurahi kwamba inaingiza chaji, kumbe anayeongea naye hamsikii, au mtandao umedhoofu kwa sababu kichwa cha waya wa antena hakikubonyezwa kikakaa. Basi onyesha majaribio yote kabla kava halijarudi: chaji, simu ya kupiga na kupokea, sauti iliyorekodiwa, nguvu ya mtandao. Mweleze pia mtazamaji kwamba simu iliyokuwa ikizuia maji haizuii tena baada ya gundi yake kufunguliwa, isipokuwa imewekewa gundi mpya ipasavyo.

Kuhusu simu ya kutumia, chukua yako au iliyokwisha kufa. Simu ya mteja ina picha, ujumbe na namba za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, heshima hiyo si hiari ya fundi peke yake. Ukilazimika kuitumia kwa ridhaa ya mwenyewe, toa laini, usifungue skrini yake mbele ya kamera, na ufunike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyobandikwa ndani au iliyoandikwa nyuma.

Kabla ya kuliweka somo mtandaoni, mpe mtu asiyewahi kufungua simu alifuate huku akifanya kazi kwenye simu mbovu, nawe ukae kimya. Kimya hicho ni kigumu kwa fundi, lakini kina thamani kubwa kuliko sifa za mafundi wenzako. Kila anaporudisha video nyuma, kila anapoinua macho kukutazama, andika dakika na sekunde; mahali hapo ndipo panapohitaji kurekodiwa upya.

Mwisho, fikiria bando la mtazamaji. Gawanya somo katika vipande vifupi, yaani uchunguzi, kufungua, kubadilisha na kujaribu, ili aliyegundua kwamba tundu lake lina uchafu tu asilipie sehemu asizozihitaji. Hakikisha maandishi ya kwenye picha yanasomeka hata video ikichezwa kwa ubora wa 480p. Chini ya kila kipande andika modeli, vifaa vinavyohitajika, na mipaka ya kusimama uliyoitaja, pamoja na picha chache za hatua zenye hatari ambazo mtu anaweza kuzipakua mara moja akazitazama bila mtandao akiwa mezani. Watazamaji wakiuliza swali lilelile, liongeze jibu lake katika maandishi hayo, juu kabisa, pamoja na tarehe uliyoliongeza.