Kuomba ruzuku ya kurejesha mikoko pwani ya Kenya

Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), ulioanza 1992 na kusimamiwa hasa na UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa), hutoa fedha kwa vikundi vya kijamii na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kabla ya kuandika ombi, kagueni karatasi: cheti cha usajili kisiwe kimepitwa na wakati, jina la akaunti ya benki lilingane na la cheti herufi kwa herufi, na muwe na barua ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) inayoruhusu kazi eneo lile.

Kisha shukeni matopeni mjue mikoko ilikufa kwa nini. Kama barabara au mashamba ya chumvi yamezuia maji kujaa na kupwa, ombeni kwanza fedha za kufungua mkondo. Pengine mbegu zitakuja zenyewe na maji. Maombi mengi huruka hatua hii yakakimbilia idadi ya miche. Ndipo mkoko wenyewe (Rhizophora) unapandwa ukingoni kabisa upande wa bahari, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, kwa sababu tu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mawimbi huing'oa miche hiyo. Upande wa nchi kavu, penye aina za mchu na mkandaa, adui ni mbuzi, basi ua uwe ndani ya bajeti.

Siku hiyohiyo hesabuni mashimo ya kaa katika miraba ya mita 1 na ndege wakati wa maji kupwa. Bila hesabu ya mwanzo hamtaonyesha kwamba makazi ya viumbe yamerudi.

Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, hekta inahitaji miche 10,000. Ongezeni asilimia 20 hadi 30 ya kujazia mapengo, na mtenge malipo ya kuhesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12. Ahidini miche itakayoishi, si itakayopandwa.

Mchango wenu waweza kuwa nguvu kazi: watu 30 kwa siku 12, kwa mfano wa shilingi 600 kwa mtu kwa siku, ni 216,000. Pasipo daftari lenye saini za kila siku, mkaguzi ataufuta.

Fedha huja kwa awamu, na ya pili husubiri ripoti ya kwanza. Ripoti ikichelewa, masika yanapita huku miche ikizidi viriba (mifuko ya kuoteshea). Mwenye mashua mliyemkodi asiye na risiti ajaze hati ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho na saini, au alipwe kwa M-Pesa ya kikundi.