Jinsi ya kuomba kumbukumbu za babu aliyekuwa kibarua wa shamba, ukiwa Mombasa

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtafuta babu kwenye makaratasi, nilikuwa na jina lake tu. Karani akaniuliza, "Chifu wake alikuwa nani?" Sikujua. "Alimfanyia nani kazi?" Mzungu fulani, shamba la mkonge upande wa Kilifi. Akanirudishia kitambulisho changu kwa upole, nikashuka ngazi na kwenda kupanda matatu.

Siku ile niliudhika, lakini yule karani alikuwa sahihi. Serikali ya kikoloni haikumwandika kibarua kwa ukoo wake. Ilimwandika kwa chifu aliyemtoza kodi na kwa mwajiri aliyemlipa. Ukiingia na jina peke yake utazunguka mwaka mzima. Tafuta shamba kwanza, jina litafuata.

Kwa hiyo kazi inaanzia barazani, kwa wazee. Nenda na sukari na majani ya chai, kaa, na usikimbilie kuuliza mwaka wa kuzaliwa, maana utapewa mwaka wa kubuni. Uliza alipokuwa akilala wakati wa kazi. Uliza nyapara wake aliitwaje, alilipwa rupia au shilingi (rupia ziliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920), na kama alikwenda kwa miguu au kwa lori. Shangazi yangu hakujua babu alizaliwa lini, ila alijua kwamba alianza kukata mkonge "akiwa bado hajaoa", na kwamba kipande chake, yaani cheti cha kazi cha wakati wa mkoloni, kilikuwa kimefungiwa ndani ya kasha la bati.

Kipande hicho kikiwa bado kipo nyumbani kwenu, hata kiwe kimeliwa na mchwa nusu, una bahati. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea nacho. Kina alama za vidole, wilaya, na safu za kazi: jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachishwa, na saini ya bwana. Bila saini hiyo ya kuachishwa, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Kipige picha mbele na nyuma kabla hujakikunjua zaidi, kwa sababu karatasi ya zamani hukatikia kwenye mkunjo. Wanawake hawakupewa vipande, na ndiyo sababu nyanya aliyevuna pamba au kupalilia mikorosho ni mgumu zaidi kumpata. Yeye mtafute kupitia ndoa na kanisa, au kupitia mumewe.

Kabla ya kuandika ombi lolote, andika majina yote ambayo huenda makarani walimpachika. Hapa pwani jambo hili lina utamu wake. Tsuma utamkuta kaandikwa Suma au Chuma, na Dzombo akawa Jombo. Kwa Wagiriama mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Kazungu wa Kalume humzaa Kalume wa Kazungu, naye Kalume humzaa Kazungu mwingine. Ukikuta "Kalume Kazungu" kwenye faili usishangilie kabla ya kutazama mwaka; huenda ni babu, huenda ni mjukuu wake. Wako pia waliosilimu walipohamia kwa Waswahili, wale walioitwa mahaji, wakabadili jina kabisa. Karisa wa kijijini akawa Salim wa Mombasa, na makaratasi hayakumbuki kwamba ni mtu mmoja.

Sasa ombi lenyewe. Watu wengi hudhani ni lazima wamjue mtu ndani ya ofisi. Si lazima. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inampa raia wa Kenya haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa serikali. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, lugha zote mbili zimetajwa katika sheria. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada; unacholipia ni nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu tangu ilipolipokea, na sababu zako za kutaka habari hiyo haziwezi kukupunguzia haki. Ombi likifika kwenye ofisi isiyo na faili hilo, linatakiwa kupelekwa penye faili ndani ya siku 5.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, na ilianza na historia ya ukoo. Haikujibiwa. Ya pili ilikuwa hivi:

"Mimi, mwenye kitambulisho nambari hii, naomba kusoma na kupata nakala za kumbukumbu zifuatazo: (a) ripoti za ukaguzi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, Wilaya ya Kilifi, 1935 hadi 1950, (b) orodha za walipa kodi chini ya chifu wa lokesheni hii, miaka hiyohiyo. Ninayemtafuta ni Tsuma, huenda ameandikwa Suma au Chuma. Nitashukuru mkinijulisha kwa maandishi iwapo faili halipo."

Sentensi ya mwisho usiiache. "Halipo" la mdomoni ni vigumu kulikatia rufaa, bali la maandishi unaweza kulipeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, na ile unayobaki nayo igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Kuna ofisi moja niliambiwa barua yangu haijawahi kufika. Nilipotoa nakala yenye muhuri, ikapatikana chini ya kikombe cha chai.

Faili za zamani za wilaya za pwani ziko katika Makavazi ya Kitaifa. Makao makuu yako Moi Avenue, Nairobi, lakini Mombasa kuna kituo cha makavazi, kwa hiyo uliza hapa kwanza kabla ya kukata tiketi ya treni. Ukifika, onyesha kitambulisho, jisajili kama msomaji, lipa ada na utunze risiti. Kwenye katalogi tafuta mafungu yanayoanza na PC/COAST, yaani makaratasi ya mkuu wa jimbo, kisha yale ya DC, mkuu wa wilaya yenu. Jaza fomu ya kuomba faili na usubiri. Nenda na penseli, kalamu ya wino iache nyumbani, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Makaratasi yaliyotimiza miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa umma. Usidharau faili za mkuu wa jimbo: mwaka 1939 ofisi kuu ya serikali ya Nairobi iliungua, na mengi yaliyosalimika ni yale yaliyokuwa yamebaki mikoani.

Cheti cha kifo ni njia nyingine, na hapa watu hupoteza muda bure. Kuandikisha vizazi na vifo vya Waafrika kulilazimishwa wilaya baada ya wilaya kuanzia 1963, hadi 1971 sheria ilipoenea nchi nzima. Aliyefariki kijijini mwaka 1950 usimtafute huko. Aliyefariki baadaye, omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au upate msaada Huduma Centre pale GPO, Digo Road. Na kifo huandikishwa kilipotokea: kama mzee alifia hospitali ya Makadara akazikwa Ganze, kumbukumbu iko Mombasa.

Aliyekuwa Mwislamu, muulizie kwenye mahakama ya kadhi, kwa sababu usajili wa ndoa za Kiislamu ulikuwa na sheria yake tangu 1906, na cheti cha ndoa hutaja baba na mashahidi. Aliyebatizwa Rabai au Freretown, anza na madaftari ya kanisa; barua na ripoti za wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na huombwa kwa barua pepe. Aliyefanya kazi baada ya 1965 huenda ana nambari ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na kumbukumbu za michango yake huenda zikamtaja mwajiri.

Ardhi nayo inasema, japo kwa sauti ya tajiri. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba ya ukanda wa pwani wapeleke madai yao, na yasiyodaiwa yakawa ya serikali. Babu zetu wengi walibaki maskota juu ya ardhi waliyoilima. Kwa hiyo ukifanya sachi ya ploti usitarajie kumkuta babu. Utamkuta mwenye shamba, na huyo ndiye jina la kurudi nalo makavazini. Ila kama familia ilipewa eneo kwenye skimu, mathalani Mtwapa au Tezo-Roka, omba orodha ya waliogawiwa.

Nakala ukizipata, usizifungie kabatini. Nilimpelekea shangazi ukurasa mmoja wa orodha ya vibarua, nikamsomea majina taratibu. Nilipofika kwa "Chuma s/o Jombo", yaani Chuma mwana wa Jombo, akanishika mkono. "Rudia na huyo anayemfuata." Nikarudia. Akacheka: huyo wa pili ndiye aliyemposea babu mke, na mwanawe yuko hai, anauza nazi Kongowea. Kesho yake alfajiri nilikuwa sokoni na penseli yangu.