Namna ya kumaliza ubishi kwenye grupu la gemu bila watu kununiana

Ubishi kwenye grupu la gemu hauna ubaya wowote, watu wanabishana kwa sababu gemu wanaipenda. Shida ni ule ubishi usioisha, jambo lilelile linafufuliwa kila wiki na watu walewale mpaka admini anachoka, anaamua kibabe, nusu ya watu wanamaindi na wengine wanatoka kimyakimya kwenda kufungua grupu lao. Nimeona makundi mazuri sana yakifa hivyo na inauma kwa sababu mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa kinamalizika vizuri tu kama kungekuwa na utaratibu.

Kabla hatujaenda mbali, kukubaliana na kupiga kura ni vitu viwili. Kura inakwambia wangapi wanataka, haikwambii waliobaki kwa nini hawataki, na hao waliobaki ndo watakaoleta ligi tena mwezi ujao. IETF, wale wanaotengeneza viwango vya kiufundi vya intaneti, wana mwongozo wao wa mwaka 2014 (RFC 7282) unaosema kwamba makubaliano yanapatikana pale mapingamizi yote yameshughulikiwa, hata kama sio yote yaliyokubaliwa. Kwenye mikutano yao mwenyekiti anaweza kuwaambia watu wavume, yaani mmm, badala ya kunyoosha mikono, apate picha ya upande gani una uzito bila kuhesabu vichwa. Sisi hatuwezi kuvuma kwenye chati lakini wazo lenyewe tunalichukua: tafuta pingamizi, lijibu, afu ndo uangalie upepo unaelekea wapi.

Anza na swali. Ubishi mwingi haumaliziki kwa sababu kila mtu anajibu swali lake. Chukua ubishi ambao kila grupu la gemu za mpira linao, mtu neti imemkatikia katikati ya mechi. Admini akiandika "wadau mnaonaje hii ishu ya neti kukatika" amekwisha, mmoja ataongelea wanaochomoa waya makusudi, mwingine ataongelea seva mbovu, wa tatu ataleta mechi ya mwaka juzi aliyodhulumiwa. Andika hivi: "Mchezaji akikatika neti baada ya dakika ya 60 huku amefungwa, matokeo yabaki, mechi irudiwe, au imaliziwe dakika zilizobaki?" Hapo mtu akitoka nje ya swali unamrudisha kistaarabu, unamwambia hilo nalo tutalifungulia mjadala wake.

Na tafadhali sana, msitunge sheria kwa ajili ya mechi ambayo inagombaniwa sasa hivi. Mechi ya leo iamuliwe na waamuzi kwa sheria zilizokuwepo, kama sheria haikuwepo waamuzi watumie busara wamalize, na mjadala wa grupu uwe wa mashindano yanayofuata. Ukichanganya hivi viwili watu watachagua sheria kwa kuangalia mshkaji wao anafaidikaje, yani hapo hakuna hoja tena, ni ushabiki mtupu.

Halafu nani ana sauti? Hapa watu huwa wanaona aibu kusema lakini ni lazima. Smogon, kundi la wachezaji wa mashindano ya gemu ya Pokémon, ambayo viumbe wanapigana, lililoanza mwaka 2004, wakitaka kuamua kama kiumbe fulani kifungiwe kisitumike, anayetaka kupiga kura inabidi kwanza acheze mechi za ngazi husika afikishe kiwango kilichowekwa, na kufungia kunahitaji asilimia 60. Grupu lenu dogo halihitaji makali hayo, inatosha kusema mwenye sauti ni aliyecheza msimu uliopita au amejiandikisha msimu ujao. Hii inawazuia wale wanaoingia siku ya mjadala tu, na wale wenye akaunti mbili tatu.

Ila kuna watu lazima wawemo hata kama hawachezi, nao ni wale watakaoisimamia hiyo sheria, waandaaji na waamuzi. Kwenye gemu ya kupigana ya Super Smash Bros. Brawl kamati ya sheria ilitangaza mwaka 2011 kwamba Meta Knight, mmoja wa wahusika wa kuchagua, anafungiwa kuanzia 2012, lakini mashindano ya Apex 2012, ambayo yalikuwa makubwa kwelikweli, yakamruhusu, na bingwa akawa mtu aliyemtumia huyohuyo Meta Knight. Sheria ambayo mwandaaji hajaikubali inabaki kwenye karatasi tu.

Muda: mpeni kila mtu nafasi ya kuliona. Miradi ya programu ya Apache kura zake kwa kawaida inaziacha wazi angalau saa 72 kwa sababu watu wako nchi zenye saa tofauti, na mimi naona siku tatu zinatosha pia kwa grupu la gemu, ikiwezekana zishike wikendi. Jambo lililoamuliwa usiku mmoja na watu saba waliokuwa macho halijaamuliwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, mapingamizi. Mtafute msimamizi wa mjadala ambaye hana upande, na kama admini ana upande aseme wazi na ampishe mtu mwingine, hakuna kitu kinaharibu imani kama mtu anayebishana huku ameshika kitufe cha kufuta meseji za wenzake. Kazi ya msimamizi ni kutofautisha "siipendi" na "siwezi kuishi nayo". Siipendi inaandikwa, inaheshimiwa, tunasonga. Siwezi kuishi nayo ina sababu, na swali la kumuuliza mtu huyo ni moja tu: nini kikibadilika utakubali?

Turudi kwenye neti. Tuseme wengi wanataka matokeo yabaki. Mmoja anagoma, anasema mimi neti yangu inakatika yenyewe, nikiwa nyuma goli moja dakika ya 62 mnaninyima nusu saa ya kusawazisha. Hilo ni pingamizi la maana. Ukimuuliza nini kikibadilika, anasema nipewe dakika kumi za kurudi hewani tumalizie dakika zilizobaki kwa magoli yaleyale. Upande wa pili nao wanagoma, wanasema wachomoa waya watatumia hizo dakika kumi kumtoa mtu mchezoni. Nao wako sahihi! Mnaongeza kwamba ni mara moja tu kwa mashindano mazima, ya pili matokeo yanabaki. Angalia kilichotokea, hakuna aliyeshinda na hakuna aliyelazimishwa kumeza, na sheria iliyopatikana ni nzuri kuliko zile tatu za mwanzo kwenye swali. Kama mngepiga kura siku ya kwanza msingeipata kabisa.

Vitu vidogo vya kuangalia mjadala ukiwa moto: mtu akituma meseji arobaini bado ni mtu mmoja, hesabu hoja zake sio kelele zake. Chati ikipanda spidi washa ile hali ya kupunguza kasi ya meseji kama mko Discord. Voisi ya dakika tano mwombe mwenyewe aiandike kwa mistari miwili. Na muwafuate wale wakimya inbox, kila kundi lina watu wanaojua sana gemu lakini hawawezi kupambana na wapiga kelele, waulize, afu uilete hoja yao hadharani bila jina kama hawataki kutajwa.

Ikifika mwisho wa muda, msimamizi anaandika anachokiona kama makubaliano na kuuliza "kuna mwenye pingamizi ambalo halijajibiwa?" Ampe kila mtu siku moja. Kimya hapo kinahesabika kama ridhaa, lakini mseme mapema kwamba kitahesabika hivyo, msije mkawashtukiza watu.

Mkikwama kabisa ndo pigeni kura, na kiwango cha kushinda kiwekwe kabla ya kura kufunguliwa. Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni iliyofunguliwa 2013 baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura kuitaka, kwa miaka mingi ilihitaji asilimia 75 kupitisha kitu kipya, mwaka 2022 wakashusha mpaka 70. Mwaka 2019 ujuzi mpya wa Warding ulipata kama asilimia 66 na ukakwama, yani wengi waliutaka na bado haukuingia. Kwa kitu kinachobadilisha gemu ya kila mtu mimi naona ni haki kabisa, theluthi moja ya watu wako wakiwa hawataki hapo bado kuna kazi. Kwa vitu vidogo kama siku ya mazoezi nusu na mmoja inatosha. Machaguo yakiwa matatu au zaidi ruhusu mtu achague yote anayoweza kukubaliana nayo, kura za Discord na WhatsApp zote zinaruhusu, la sivyo machaguo mawili yanayofanana yatagawana watu na lile ambalo wengi hawalitaki ndo litapita.

Kuna mambo hayaingii kwenye utaratibu huu hata kidogo. Aliyethibitika anatumia chiti, anayetukana watu, anayesumbua watoto au wasichana inbox, hao admini wanachukua hatua saa hiyohiyo, hakuna kuulizana maoni.

Uamuzi ukipatikana uandikwe na upiniwe juu, na uandikwe pamoja na sababu zake, kwa mfano:

"Neti kukatika: mchezaji ana dakika 10 kurudi, mechi inamaliziwa dakika zilizobaki kwa magoli yaleyale, mara moja kwa mashindano. Ya pili matokeo yanabaki kama alikuwa amefungwa, na kama alikuwa anaongoza au ni sare, anahesabiwa amefungwa 3–0. Lililopingwa: dakika 10 ni nyingi. Jibu: ruta ikizimwa na kuwashwa inachukua muda kabla ya kushika neti. Inaanza mashindano yajayo, tunaiangalia tena yakiisha."

Hiyo sentensi ya mwisho inasaidia sana, mtu aliyekuwa anasita anakubali kirahisi akijua ni majaribio ya msimu mmoja. Na kabla ya huo msimu kuisha mjadala haufunguliwi tena labda kuwe na kitu kipya, gemu imepata apdeti iliyobadilisha mambo au limetokea tukio ambalo hakuna aliyeliwaza. Mtu akija na hoja ambayo tayari iko kwenye "lililopingwa" unamtumia ile meseji iliyopiniwa, unamuuliza ana nini cha kuongeza hapo.