Kutoboa Udongo Ulioshindiliwa Chini ya Nyasi

Chomeka bisibisi ndefu kwenye nyasi. Ikigoma kabla ya sentimita 5, udongo umeshindiliwa. Ndiyo maana maji yanatuama na mizizi inakosa hewa.

Subiri msimu ambao nyasi zinakua kwa kasi, zipate kupona. Mwagilia siku moja kabla. Udongo mkavu hautoboki, na ukiwa tope mashimo hujiziba. Finyanga tonge kiganjani: likivunjika ukiligusa kwa kidole, anza.

Tumia kifaa chenye mirija mitupu inayong'oa vipande vya udongo vinene kama kidole. Uma wa bustani unafaa eneo dogo, ila husukuma udongo kando, na wa mfinyanzi huzidi kukazana. Viatu vya misumari? Achana navyo.

Kwanza weka alama palipofukiwa mabomba na nyaya. Mashimo yaende chini sentimita 5 hadi 8, yakiachana kiasi hichohicho. Panapokanyagwa sana, pitia tena kwa kukatisha.

Vipande viache vikauke, uvipondeponde kwa reki. Kisha fagilia mboji iliyochekechwa mashimoni, isizidi sentimita 1 juu; ncha za nyasi zionekane.